Kabla ya kuuliza "nani", tuulize "nini": namna ya kutambua mabuu wa nzi wa matunda



Msimu wa maembe ukifika, wachungaji wa maeneo yetu ya joto hupokea kesi ya namna moja. Mwembe wa fulani umezaa vizuri, lakini matunda yanaanguka kabla ya kuliwa, na ukiyapasua ndani yamejaa wadudu weupe wanaojinyonganyonga. Mwembe wa jirani, hatua ishirini kutoka hapo, bado una matunda mazima. Mwenye mti anaanza kuuliza ni nani amemfanyia hivi. Jibu halikawii kupatikana: ni yule mama mzee aliyepita chini ya mti na kusifu matunda, ni mjane asiye na watoto wa kumtetea, au ni mtoto wa kambo anayeongea usingizini. Mara nyingine jina linatoka katika chumba cha maombi, na jina lililotoka humo ni kazi ngumu kulirudisha.

Tunaandika makala haya ili yahifadhiwe na kutumiwa katika parokia za bonde la Ruzizi, Uvira, Fizi, Kalemie na kila mahali ambako mwembe ni akiba ya jamaa na pesa za shule. Yatawafaa pia ndugu wa Bukavu, Goma na Butembo, ambako embe linaliwa zaidi kuliko linavyopandwa. Somo ni mabuu wa nzi wa matunda: wanavyoonekana, wanavyotofautiana na wadudu wanaofanana nao, na la kufanya ukishawatambua. Katika mashariki ya nchi yetu watu wamefukuzwa nyumbani, wamepigwa, na wengine wameuawa kwa shitaka la uchawi, na shitaka kama hilo mara nyingi huanzia kwenye homa ya mtoto au hasara ya shamba. Mzee wa kanisa anayejua kumtambua buu aliye ndani ya embe anaweza kusimamisha jambo hilo likiwa bado linasemwa kwa sauti ya chini.

Neno "funza"

Huku kwetu mdudu wa embe tunamwita funza, na neno hilo moja tumelibebesha mizigo mingi. Funza anayeingia katika vidole vya miguu ni kiroboto mdogo, hana undugu wowote na huyu. Funza anayetoka katika jipu la mtu aliyevaa nguo iliyoanikwa chini bila kupigwa pasi ni mtoto wa nzi mwingine, anayehitaji ngozi ya mtu au ya mbwa ili akue. Wengine huita wadudu wa embe "minyoo", na hapo ndipo hofu inazidi, kwa sababu mama anadhani ndiyo minyoo ya tumbo. Siyo. Mnyoo mkubwa wa tumbo hutokana na mayai yaliyomo katika udongo, maji na mikono iliyochafuliwa na choo cha binadamu. Mdudu wa embe hawezi kugeuka kuwa mnyoo wa tumbo. Aliyemmeza bila kujua asitafutiwe dawa wala maombezi ya pekee. Tunda lililooza ndilo tusimpe mtoto, kwa sababu ya uozo wenyewe.

Basi katika makala haya tutasema "buu", na kwa wingi "mabuu", maana yake mtoto wa mdudu kabla hajapata umbo la mkubwa wake. Nzi hupitia hatua nne: yai, buu, pupa, kisha nzi mwenye mabawa. Katika hatua ya buu ndipo hasara inapofanyika.

Mwenyeji na mgeni

Nzi wa matunda si wale nzi wa jikoni. Ni jamaa kubwa ya pekee, na Afrika peke yake ina mamia ya aina zao. Wengi hawagusi chakula cha mtu kamwe. Wachache wanaotuhangaisha tunaweza kuwagawa katika mwenyeji na mgeni.

Mwenyeji wa maembe ni yule ambaye wataalamu humwita Ceratitis cosyra. Ana ndugu yake, Ceratitis capitata, ambaye asili yake ni Afrika lakini leo ameenea hadi Ulaya ya kusini na Amerika. Mgeni ni Bactrocera dorsalis, aliyetoka Asia. Katika bara letu alionekana kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 2003, na mwaka huohuo Tanzania. Kwa miaka michache tu alikuwa amefika hadi Afrika Magharibi. Mwaka 2005 wataalamu walimpa jina la Bactrocera invadens, yaani mvamizi, wakidhani ni aina mpya. Mwaka 2015 uchunguzi ulionyesha kwamba ni yuleyule wa Asia, na jina hilo likaachwa. Atakayekuta majina hayo mawili katika vitabu vya kilimo asifikiri ni wadudu wawili. Nchi yetu ya Kongo ni mojawapo ya nchi alimoenea.

Mgeni huyu ana nguvu kuliko mwenyeji, na mahali pengi amemsukuma pembeni. Jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 1000 katika maisha yake. Hachagui sana: embe, pera, chungwa, paipai, avoka, na matunda mengi ya porini. Anaruka mbali, lakini safari zake ndefu kuliko zote anazifanya ndani ya matunda, akiwa bado buu, katika vikapu vya wamama wa biashara, juu ya malori, na katika sashe ya msafiri anayepelekea watoto zawadi. Ndiyo maana wazee wengi husema kwa haki kwamba utotoni mwao maembe hayakuwa hivi. Kumbukumbu yao ni ya kweli. Sababu wanayoitoa ndiyo yenye shida.

Kumsoma buu

Torati inakataza kumhukumu mtu kwa shahidi mmoja. Inadai wawili au watatu, kama tunavyosoma katika Kumbukumbu la Torati 19:15. Tunashauri kanuni hiyohiyo kwa buu. Usiamue kwa alama moja. Tafuta mbili au tatu zinazokubaliana.

Anza na ganda. Jike wa nzi ana mkuki mwembamba mwishoni mwa tumbo, naye hutoboa ganda kwa huo na kuweka mayai chini yake. Tundu ni dogo sana. Juu ya embe linaweza kuonekana kama nukta nyeusi, au utomvu uliotiririka kidogo na kukauka, na baadaye sehemu hiyo inalainika ukiigusa kwa kidole. Angalieni lakini: madoa meusi yaliyotawanyika juu ya embe zima mara nyingi ni ugonjwa wa kuvu, si nzi, na kuna maembe yanayong'aa nje huku ndani yameliwa. Ganda ni shahidi dhaifu. Lazima kupasua.

Pasua embe juu ya sahani nyeupe au karatasi, mahali penye mwanga. Ukilipasua mapema mno unaweza kukuta mayai tu, meupe, membamba, yenye urefu wa milimita 1 hivi, yamelazwa pamoja chini ya ganda. Kwa joto la bonde yanaanguliwa baada ya siku moja au mbili. Buu anayetoka ni mdogo kiasi cha kutoonekana vizuri. Anakula, anajivua ngozi mara mbili, na akifika hatua ya tatu ana milimita 7 hadi 10. Huyo wa hatua ya tatu ndiye wa kumchunguza. Wadogo wake hawasomeki.

Rangi yake ni nyeupe ya maziwa au njano hafifu, na wakati mwingine rangi ya embe alilokula inaonekana kupitia ngozi yake. Msiitegemee rangi. Tazama umbo: mbele amechongoka, nyuma ni mnene na kama amekatwa kwa kisu. Hana miguu hata mmoja. Wala hana kichwa kinachoonekana. Yaani mbele hakuna kile kitufe kigumu cha rangi ya kahawia tunachokiona kwa viwavi. Mahali pa kichwa, ukiwa na kioo cha kukuza au simu yenye kamera nzuri, utaona vikulabu viwili vyeusi vinavyoingia na kutoka. Ndivyo meno yake. Havipondi chakula, vinakwaruza nyama ya tunda, na buu anafyonza maji yanayotoka. Kwa sababu hiyo njia alimopita inakuwa laini, yenye majimaji, na uozo unaingia haraka.

Mgeuze nyuma. Pale alipokatika kuna vidoa viwili vidogo, kimoja kila upande. Hapo ndipo anapopumulia, kwa sababu mbele amezama katika maji ya embe. Kwa hadubini kila kidoa kinaonyesha mipasuko mitatu. Shule zetu za sekondari zenye hadubini hata moja zinaweza kufanya kazi hii, na tunafikiri mwanafunzi wa biolojia atajifunza mengi hapo kuliko katika kunakili michoro ubaoni.

Halafu kuna alama ambayo watoto wanaijua bila kufundishwa: buu aliyekomaa anaruka. Mweke juu ya meza kavu na umsubiri. Anajikunja mpaka vikulabu vya mdomo vinashika mwisho wa mwili wake, anajikaza, kisha anaachia ghafla na kujirusha. Tumesikia mara nyingi watu wakitaja mruko huu kama ushahidi kwamba "si mdudu wa kawaida". Ni wa kawaida kabisa. Buu amemaliza kula, anatafuta udongo wa kujificha, na kwa kuwa hana miguu anajirusha. Buu asiye na miguu, asiye na kichwa, aliyechongoka mbele na butu nyuma, aliyekuwa ndani ya nyama ya tunda, na anayeruka: mashahidi hao wanatosha kusema ni wa nzi wa matunda.

Wanaofanana naye

Si kila kinachotambaa ndani ya tunda ni huyo. Kutofautisha kuna faida, kwa sababu dawa ya mmoja haimfai mwingine.

Ukikuta nyama ya embe ni nzima lakini ndani ya kokwa kuna mdudu, huyo ni mtoto wa fukusi wa kokwa za maembe. Naye hana miguu, lakini ana kichwa kigumu chenye rangi ya giza, mwili wake ni mnene na umepinda. Akikomaa anatoka kwenye kokwa akiwa fukusi mweusi mwenye pua ndefu. Hasara yake ni kubwa kwa anayetaka kupanda kokwa. Kwa anayekula nyama ya embe mara nyingi si kitu.

Ukikuta katika chungwa au avoka kiwavi mmoja, mwenye kichwa cha kahawia, miguu midogo mbele, na mwili unaoelekea kuwa mwekundu kadiri anavyokua, huyo ni mtoto wa nondo. Hawakai wengi pamoja. Mabuu wa nzi, kinyume chake, mara nyingi ni makumi ndani ya embe moja.

Tunda likiwa limeoza tayari chini ya mti, wageni wa karamu ni wengi. Kuna wale nzi wadogo sana wanaozunguka pombe ya ndizi na ndizi zilizoiva mno. Mabuu wao ni wadogo, nusu ya ukubwa wa hawa au chini, na hawakulitoboa tunda lenyewe, walifuata uozo. Kuna pia mabuu wa wadudu wenye mabawa magumu, ambao wana miguu mitatu kila upande na kichwa cha kahawia. Kwa hiyo embe lililolala chini siku nne halitoi ushahidi mzuri. Chukua lililoanguka leo asubuhi, au lililo bado juu ya mti na linaanza kulainika.

Na katika maboga, matango na matikiti mtakuta mabuu wanaofanana kabisa na wa embe. Hao ni wa jamaa moja, aina nyingine, zinazopenda mimea itambaayo.

Kumlea mpaka awe nzi

Tukishasema "ni buu wa nzi wa matunda", je, tunaweza kusema ni wa mwenyeji au wa mgeni? Kwa macho, hapana. Mabuu wa aina hizi wanafanana mno. Hata mtaalamu mwenye hadubini huhesabu vijitundu vya kupumulia vya mbele na kutazama umbo la vikulabu, na bado hesabu za aina mbalimbali zinaingiliana. Maabara kubwa hutumia uchunguzi wa vinasaba. Njia ya parokia ni nyingine, nayo ni rahisi: mlee.

Kata bidoni ya maji, weka chini mchanga au udongo laini wenye unyevu kidogo, kiasi cha vidole vitatu au vinne. Weka vijiti juu yake, na juu ya vijiti weka embe lenye mabuu, ili maji ya uozo yasizamishe udongo sana. Funika kwa kitambaa chepesi, funga kwa kamba, weka kivulini mbali na sisimizi. Mabuu waliokomaa watashuka wenyewe na kuingia katika udongo. Huko kila mmoja anakauka na kuwa pupa, kitu kama punje ya ngano, rangi ya kahawia, kisichosogea. Kwa joto la Uvira nzi wanaanza kutoka baada ya siku kumi hivi tangu kuingia udongoni. Mahali pa baridi wanachelewa. Wakitoka, wape maji yenye sukari katika kipande cha pamba na uwaache siku mbili tatu, kwa sababu nzi aliyetoka leo bado hajakamilisha rangi zake.

Hapo kusoma ni kwepesi. Mgeni wa Asia ana umbo linalokaribia nyigu, mabawa yake ni meupe yenye ukingo mwembamba mweusi upande wa mbele, mgongoni ana mistari miwili ya njano, mmoja kila upande, na juu ya tumbo alama nyeusi kama herufi T. Wa jamaa ya Ceratitis ni wafupi, na mabawa yao yamechorwa mikanda ya njano na kahawia kama kitambaa cha kitenge. Ukiona mabawa yenye mapambo, huyo si mgeni.

Chombo hiki kilichofunikwa kina historia ambayo mhubiri anaweza kuitumia. Mwaka 1668 daktari Mwitaliano Francesco Redi aliandika jinsi alivyoweka nyama katika vyombo, vingine wazi na vingine vimefunikwa kwa kitambaa. Wakati ule watu wengi, na wasomi pia, waliamini kwamba mabuu wanazaliwa na nyama yenyewe inapooza. Katika vyombo vilivyo wazi mabuu walijaa. Katika vilivyofunikwa nyama ilioza bila buu, kwa sababu nzi hakufika kutaga. Parokia yoyote inaweza kufanya jambo kama hilo juu ya mwembe unaosemwa kuwa umelogwa. Chagua maembe kumi yakiwa bado machanga, uyafunge kila moja katika mfuko wa karatasi ya magazeti au ya saruji uliofungwa vizuri kwenye kikonyo, na mengine kumi uyaache wazi, lakini uyawekee alama ya kamba. Wazee wa kanisa, mwenye mti na jamaa ya anayeshitakiwa washuhudie siku ya kufunga na siku ya kufungua. Tunaamini siku ya kufungua mifuko itafundisha kuliko mahubiri yetu matatu, maana karatasi ya saruji inaweza kumzuia nzi, lakini hakuna aliyewahi kutuambia kwamba inamzuia mchawi.

Kwa nini mti wangu na si wake

Hili ndilo swali linalozaa mashitaka, nalo linastahili jibu la kweli. Nzi hagawi hasara sawasawa.

Aina za maembe hazifanani: nyingine zina ganda gumu au utomvu mwingi, nyingine ni laini. Wakati nao una neno. Nzi wanaongezeka jinsi msimu unavyoendelea, kwa hiyo mti unaochelewa kuiva unakutana na jeshi ambalo mti wa mapema haukuliona. Mti ulio karibu na mpera uko hatarini, kwa kuwa mapera yanalea nzi wakati hakuna maembe. Kisha kuna usafi: mwenye mti anayeacha maembe yaliyoanguka yalale chini analea nzi wa wiki tatu zijazo, naye atakuwa wa kwanza kuwapokea. Mjane anayeishi peke yake na kufagia chini ya mwembe wake kila asubuhi atavuna maembe mazima, na kumbe usafi wake ndio unaomponza, kwa sababu majirani watauliza mbona wake hayajaguswa.

Sababu nyingine inaonekana juu ya mti wenyewe. Kuna wale sisimizi wekundu wakali wanaoshona majani kutengeneza viota. Nchini Benin, watafiti Paul van Mele na Jean-François Vayssières walionyesha mwaka 2007 kwamba miembe yenye sisimizi hao wengi ilipata hasara ndogo zaidi ya nzi wa matunda. Sisimizi wanawafukuza nzi, wanawakamata mabuu wanaotoka, na harufu yao inawafanya nzi wasipende kutaga pale. Watu wengi kwetu huwachoma sisimizi hao kwa moto kwa sababu wanauma wakati wa kuvuna. Tungeshauri kuwaacha na kupaka majivu mikononi.

La kufanya

Kama ni mabuu wa nzi, kazi kubwa iko chini ya mti. Okota matunda yote yaliyoanguka, kila siku au angalau mara mbili kwa juma, kabla mabuu hawajaingia udongoni. Usiyafukie kwa jembe moja tu la udongo, maana hiyo ni kuwapa kitanda: wao wenyewe hutafuta kina cha sentimita chache. Shimo liwe na nusu mita ya udongo au zaidi juu ya matunda. Ama yaweke katika sashe nyeusi zisizotoboka, zifunge, uziache juani siku kadhaa mpaka mabuu wafe. Ukiyapika unaweza kulisha nguruwe. Kuku wakiachwa chini ya mwembe watakula mabuu na pupa bila kulipwa mshahara. Kutupa matunda mtoni au katika shamba la jirani ni kuhamisha shida tu.

Vuna mapema, embe likiwa limekomaa lakini bado gumu, ulivundike nyumbani. Zungumza na majirani, kwa sababu nzi haheshimu mpaka wa kiwanja; hapa ndipo kanisa linaweza kusaidia, maana Jumapili tunao watu wa mtaa mzima mahali pamoja. Agronomu akiweza kupata mitego yenye harufu ya kuvuta madume, au chambo cha chakula cha kuvuta majike, ni vizuri, lakini vitu hivyo bila kuokota matunda havifiki mbali.

Kuhusu dawa za kunyunyiza tunasema kwa nguvu: buu yuko ndani ya nyama ya tunda na dawa haimfikii. Inabaki juu ya ganda, na mtoto anamenya embe kwa meno. Chupa zisizo na maandishi zinazouzwa sokoni zisipewe nafasi katika nyumba zetu.

Neno kwa vyumba vya maombi

Ndugu zetu waombezi watatuonyesha Kumbukumbu la Torati 28:39, ambapo mdudu anayekula mizabibu anatajwa kati ya laana. Tunaupokea mstari huo. Lakini unasemwa kwa taifa zima lililoacha agano, hausemwi juu ya mwanamke jirani, wala hauamuru kumtafuta aliyemtuma mdudu. Katika Yona 4 mdudu aliyekausha mmea aliwekwa na Mungu mwenyewe, ili kumfundisha nabii huruma kwa mji alioutakia mabaya. Na wanafunzi walipoona kipofu na kuuliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, Yesu hakuwapa jina (Yohana 9). Akatema mate, akafanya tope, akamponya.

Tuombe juu ya mashamba, ndiyo. Hatukatai kwamba kuna uovu wa kiroho. Lakini jina la mtu lisitajwe katika maombi kwa sababu ya embe ambalo hakuna aliyelipasua. Tunapendekeza kwa mabaraza ya wazee: shitaka la namna hii likiletwa, wazee wawili au watatu waende kwenye mti siku hiyohiyo, wapasue matunda mbele ya pande zote mbili, waandike walichokiona katika daftari la kanisa, na anayeshitakiwa alale chini ya ulinzi wa jamaa ya mzee wa kanisa hadi mambo yatulie. Ulinzi huo usingoje matokeo ya chombo wala mifuko, kwa kuwa watu wa hasira hawangoji wiki tatu.

Wanaotaka uhakika zaidi wanaweza kupeleka vielelezo kwa wataalamu. Université Evangélique en Afrique ya Bukavu, chuo kikuu chetu cha Kiprotestanti, kina kitivo cha kilimo, na INERA ina kituo huko Mulungu. Msisafirishe mabuu hai. Ndivyo nzi anavyopelekwa asipokuwapo. Watumbukize kwanza katika maji yaliyochemka kwa dakika chache, kisha waweke katika alkoholi ya famasi ya asilimia 70. Wakiwekwa katika alkoholi wakiwa hai wanageuka weusi na hawasomeki tena. Kama wataalamu watataka kuchunguza vinasaba, tafuta alkoholi kali zaidi, ya asilimia 95. Nzi waliolelewa wawekwe katika chupa yao peke yao. Ndani ya kila chupa weka karatasi iliyoandikwa kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu unayeyuka: tarehe, kijiji, aina ya tunda, kama lilitoka mtini au chini, na jina la aliyeokota.